"Biznesi" ina maana ngapi?

Bandugu, neno hili la Kiingereza tunalipenda. Butembo ukisema "uyu iko mu biznesi", unamsifu: anajitafutia, haibe. Lakini tangu 2018, Beni na Butembo tulisema "Ebola biznesi", na sifa ikageuka tusi: kula franga juu ya wafu. CENI iliposogeza kura yetu hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo, tusi likapata nguvu. Sababu zilikuwako. Shida njo hii: neno lilitia mu gunia moja mwenye kula franga na muuguzi mwenye kuchanja. Wengine wakamkimbia muuguzi; ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200. Tuulize basi: nani alikula, na ngapi? Neno lenye kushitaki wote halishitaki mtu.