Batamuriza, Msichana wa Mchezo wa Radio

Katika Rwanda kuna msichana ambaye hakuzaliwa na mwanamke, wala jina lake halikuandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia yo yote, na hata hivyo watu wengi wanamjua kuliko wanavyomjua binti wa jirani. Jina lake ni Batamuriza. Ni mtu wa mchezo wa radio uitwao Musekeweya, maana yake ni kama kusema Mapambazuko, ulioanza kusikika huko mwaka 2004. Leo twataka kumpima, kama vile mtu anavyopima kitabu kabla ya kumpa mtoto wake. Michezo ya namna hii imekwisha kuvuka mpaka na kuingia Kongo, na vijana wetu wa Kasongo na Kabambare hubeba michezo ya kila aina katika simu zao, hata vijijini ambako hakuna umeme ila ule wa jua.

Wako watakaosema: Hayo ni upuzi, kazi ya katekista ni katekisimu. Hatukubali. Papa Pio wa Kumi na Mbili aliandika barua nzima juu ya sinema, radio na televisheni mwaka 1957, na Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya shauri hilohilo mwezi wa Desemba 1963. Kama wakubwa wa Kanisa hawakuona haya kulifikiri, kwa nini sisi tuone haya?

Kwanza tuseme jinsi mtu wa namna hii anavyoumbwa, maana haanguki kutoka mbinguni. Mwaka 1969 katika nchi ya Peru televisheni ilianza kuonyesha hadithi ya msichana Maria, mtumishi wa nyumbani aliyetoka shamba kwenda mjini. Alijifunza kusoma usiku, akajifunza kushona, na cherehani yake ikamwinua. Wasichana wengi wa Peru walitaka kuwa kama yeye, wakanunua cherehani, wakaingia shule za usiku. Siku ya kupiga picha za arusi yake na mwalimu wake, watu kama 10,000 walifika kanisani, kana kwamba arusi ile ni ya kweli. Walioandika hadithi ile walitafuta faida tu, lakini mtu mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, aliona kilichotokea akajiuliza: Je, jambo lililotokea kwa bahati haliwezi kufanywa kwa makusudi? Mwaka 1975 akatunga mchezo wa kuwavuta watu wazima waende kujifunza kusoma, nao wakaenda kwa wingi sana.

Kanuni ya Sabido ni nyepesi. Katika mchezo lazima kuwe na mtu mwema, na mtu mbaya, na katikati yao mtu wa tatu anayeyumba. Huyo wa tatu ndiye shabaha ya kazi yote. Anaanguka, anaogopa, anarudi nyuma, kisha polepole anageuka, na msikilizaji anageuka pamoja naye. Sisi tuliosoma Injili hatuna haja ya kwenda Mexico ili tumfahamu mtu huyo. Petro ni nani, kama si yeye? Alitembea juu ya maji akazama. Aliahidi kufa na Bwana wake, na usiku uleule, mbele ya kijakazi mmoja karibu na moto, akamkana. Kama Injili ingetuonyesha Yohane tu, aliyesimama chini ya msalaba, wangapi kati yetu wangethubutu kujiita wafuasi?

Njia hii ilifika Afrika ya Mashariki zamani. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, ambaye mwisho ukimwi ulimpata. Na Tunu, mkewe, aliyevumilia sana, kisha akaona kwamba uvumilivu wake utamwua, akamwacha mumewe akaanza kujitegemea. Tunu aliumbwa vizuri. Kila msikilizaji alimwona akibadilika, wala hakubadilika kwa siku moja. Hatufichi kwamba mchezo ule ulifundisha pia njia za kuzuia uzazi ambazo Kanisa halizikubali. Hapo ndipo msomaji afahamu: kanuni ni chombo, kama panga. Panga hulima shamba la muhogo, na panga tunajua jambo lingine linaloweza kufanya.

Maana mwezi uleule wa Julai 1993, radio nyingine ilianza kusema mjini Kigali, nayo ikaitwa RTLM. Nayo ilijua kuwavuta watu kwa muziki, mizaha na maneno ya barabarani. Mwaka 1994 ilitaja majina ya watu wa kuuawa. Sisi wa Maniema hatuna haja ya kusimuliwa matokeo yake, tuliowaona wakimbizi wakifika hata Tingi-Tingi, kule Lubutu, na vita vilivyofuata tangu 1996. Basi, mtu aketipo kutunga mchezo wa radio kwa ajili ya Wanyarwanda baada ya hayo, anajua kwamba anatia mkono katika chungu ambacho mwingine alikwisha kutia sumu.

Waliofanya kazi hiyo ni shirika la Uholanzi liitwalo Radio La Benevolencija, pamoja na waandishi na wachezaji wa Rwanda wenyewe. Waliongozwa na mafundisho ya mtaalamu Ervin Staub, aliyetafuta maisha yake yote jinsi mauaji makubwa yanavyoanza: kwamba hayaanzi na panga, ila na njaa, na kumtafuta wa kumlaumu, na kiongozi anayechochea, na hasa na watu wengi wanaotazama bila kusema neno. Hadithi ni ya vilima viwili, Bumanzi na Muhumuro. Ugomvi wao ni wa ardhi: upande mmoja umependelewa na wakubwa, upande wa pili umebaki na shida. Batamuriza ni wa kilima kimoja, na Shema, kijana anayempenda, ni wa kilima cha pili. Anayechochea chuki, Rutanagira, ni nani? Ni kaka yake Batamuriza, wa tumbo moja.

Hapa twawasifu waandishi bila kusita. Wangeweza kumweka mchochezi mbali, mtu wa serikali au mgeni. Wamemweka nyumbani, anakula chakula kilichopikwa na mama yuleyule. Kwa hiyo Batamuriza akifungua kinywa, hasemi na adui, anasema na ndugu yake. Msichana, tena mdogo, mbele ya kaka! Kila mtu wa Kasongo anajua uzito wa jambo hilo. Kumpinga mkubwa wa kabila lingine ni rahisi, hata walevi hufanya hivyo kila jioni. Lakini binti kumwambia kaka yake, mbele ya watu, kwamba njia yake ni mbaya, hilo ni jambo ambalo wengi wetu hatujaliona kwa macho, na ni faida kubwa kulisikia hata kwa masikio. Tena hakai peke yake na mapenzi yake. Yeye na Shema wanawakusanya vijana wa pande zote mbili wapate kusema kwa sauti kile ambacho kila mmoja alikifikiri kimya.

Lakini tuna neno juu yake. Batamuriza ni mwema mno, tena mwema tangu mwanzo. Twamsikia akilia, akitishwa, akikatazwa, lakini hatumsikii akimchukia mtu wa Muhumuro au wa Bumanzi hata siku moja kwa moyo wake wote, kisha akashtuka kujiona. Yeye ni Yohane, si Petro. Tunu wa Tanzania alituambia: Nilikuwa kama ninyi. Batamuriza anatuambia: Iweni kama mimi. Nao watu wenye jeraha hawapendi sana kuambiwa hivyo. Twadhani waandishi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na haki: katika nchi ile, mwaka 2004, nani angethubutu kutia chuki hata kwa kitambo katika kinywa cha msichana anayependwa na watu wote?

Je, alifaa kitu? Jibu liko, nalo linashangaza. Mtaalamu wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuata wasikilizaji kwa mwaka mzima. Makundi mengine yalisikiliza Musekeweya pamoja, mengine yalisikiliza mchezo mwingine juu ya afya. Aliyoyaona aliyatangaza mwaka 2009. Watu waliomsikia Batamuriza hawakugeuza sana imani zao za moyoni. Walichogeuza ni namna ya kufikiri juu ya yale yanayofaa kutendwa kijijini: kwamba si haramu kusema usipokubali, kwamba mtoto asikatazwe kuoa au kuolewa na mtu wa kundi lingine. Mwisho kila kundi lilipewa zawadi ya radio na kaseti, likaulizwa zitunzwe namna gani. Katika makundi ya mchezo wa afya, kwa kawaida walisema upesi: Apewe kiongozi. Katika makundi ya Musekeweya walibishana, wakatafuta njia ya kuzitunza wote pamoja. Jambo dogo, kaseti tu! Lakini sisi tunaoongoza shirika tunajua kwamba mtu anayethubutu kubishana juu ya kaseti, siku nyingine atathubutu kubishana juu ya panga.

Sasa tuje Kongo, maana hapa shauri linakuwa letu. Wenye Musekeweya walitunga mchezo mwingine kwa Kiswahili kwa ajili ya mashariki ya nchi yetu, uitwao Kumbuka Kesho. Mahali pengine mchezo ulifuatwa na mazungumzo katika radio, ili kuwatia watu moyo wajadiliane waliyoyasikia. Mahali pengine mchezo ulitangazwa peke yake. Kila mtu angesema: Palipo na mazungumzo patakuwa na matunda zaidi. Paluck alipima tena, akatangaza mwaka 2010. Kweli watu waliosikia mazungumzo walijadiliana zaidi. Lakini walizidi pia kukumbuka machungu yao na kuwachukia wale waliokuwa wakiwachukia. Walipopewa chumvi na kuulizwa kama watatoa sehemu kwa watu wa kundi wasilolipenda, walitoa kidogo kuliko wale waliosikia mchezo peke yake.

Tumeliwaza sana jambo hili, maana ni karipio kwa kazi yetu wenyewe. Katika kila shirika, tukisha kusoma Injili, huuliza: Neno hili linatuambia nini sisi? Basi, tuache kuuliza? Hapana. Tukumbuke nabii Natani. Alimwendea Mfalme Daudi na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika sana juu ya tajiri huyo, mpaka Natani akamwambia kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Hadithi ilifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kidole cha nabii, nacho kilielekea kifua cha msikilizaji. Musekeweya haitaji Mhutu wala Mtutsi hata mara moja. Ni hadithi ya kondoo bila kidole, na kila mtu hujifikisha mwenyewe kwa kadiri anavyoweza. Katika mazungumzo ya Kumbuka Kesho, vidole vilikuwapo vingi, lakini kila kimoja kilielekea mlango wa jirani. Hii ndiyo hukumu yetu, na msomaji anayefikiri tofauti atuandikie.

Kwa hiyo shirika likisikiliza mchezo wa namna hii, twaona afadhali lisianze kwa kuuliza: Nasi tulitendwa nini? Swali hilo lina majibu mia kabla ya chai kuchemka. Iulizwe kwanza: Batamuriza alimwambia nini kaka yake, na saa ile wengine waliokuwapo walifanya nini? Kisha: Ni nani nyumbani kwetu ambaye hatujathubutu kumwambia vile? Watu watanyamaza kitambo. Kimya hicho kisikatwe upesi na wimbo, kama tulivyozoea.

Na kama mtu wa kwetu akitaka siku moja kutunga mchezo wa Maniema, tungemwomba asituletee Batamuriza wa pili. Atuletee kijana aliyeacha shule akaenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila, aliyepokea bunduki kwa mwezi mmoja kwa sababu wenzake walipokea, aliyewahi kucheka mahali pasipo pa kucheka. Ampende msichana wa nyumba ya Waislamu huko Kasongo, kusudi wazazi wa pande zote mbili wapate la kusema, na padri naye apate kueleza ruhusa ya Askofu inayotakiwa katika ndoa ya namna hiyo, jambo ambalo wakristu wengi hawalijui wakadhani ni katazo tu. Ageuke polepole, na arudi nyuma angalau mara mbili. Taabu itakuwa jina lake. Huko Rwanda waandishi walitafuta vilima visivyokuwapo ili mtu asiseme: Ni sisi mnaotusema. Kwetu kuna njia rahisi zaidi: aitwe Ramazani au Amisi, maana kwa majina hayo hakuna mtu kati ya Kasongo na Kabambare atakayejua, mpaka sura ya tatu au ya nne, kama kijana huyo siku ya Ijumaa huenda msikitini au siku ya Dominika hukaa nasi katika benchi.