"Ardhioevu" na Kusalimika kwa Chavua

Neno "ardhioevu" limekwisha kukubalika serikalini, nasi hatulipingi. Lakini mfasiri aandikapo kwamba "chavua ya kale huhifadhiwa katika ardhioevu", msomaji wa Itigi hupotoshwa. (Chavua yenyewe haimtatizi, warina asali wa huko huiona miguuni mwa nyuki.) Ardhioevu aijuayo ni mbuga: hujaa maji mvua zinyeshapo, kisha hukauka na kupasuka wakati wa kiangazi. Ganda la chavua huoshwa maabarani kwa asidi hidrofloriki lisiyeyuke, ila udongo ukilowa na kukauka mara kwa mara, oksijeni na vijidudu huliangamiza. Mwanafunzi atakayechimba mbugani kwa kuifuata tafsiri hiyo atarudi na udongo mtupu.

Chavua imesalia penginepo, kama Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako udongo ulibaki umelowa hata ukatunza mbao ambazo, kwa taarifa ya mwaka 2023, zina umri wa miaka 476,000 hivi. Hapo tuseme "kinamasi kisichokauka".

"Kuhifadhiwa" nako kwadai mhifadhi, naye hayupo. Twapendekeza "kusalimika".