Winchester Walipokata Ukucha

Mwaka 1964 kiwanda cha Winchester cha New Haven, Connecticut, kiliichukua Model 70, bunduki ya bolti iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote Marekani, kikaondoa ndani yake kitu kimoja ambacho mwindaji wa nyati hapaswi kukikosa, kisha kikairudisha dukani kwa jina lilelile. Kitu chenyewe ni ukucha mrefu wa kuchomoa ganda. Winchester walikosea, na safu hii inalisema mapema ili msomaji asisubiri aya ya mwisho kutafuta msamaha.

Wanaozifahamu bunduki hizi hawahitaji kufundishwa ukucha ni nini. Hata hivyo inafaa kuitazama bolti inavyokwenda mbele, pole pole, maana kosa lote limo katika safari hiyo ya sentimita chache. Katika Model 70 ya zamani, iliyozaliwa mwaka 1936, risasi ikipanda kutoka magazini, kitako chake huteleza na kuingia chini ya ukucha kabla hata ncha yake haijafika chemba. Tangu hapo ina mwenyewe. Bolti ikienda, nayo inakwenda. Bolti ikirudi, nayo inarudi, mpaka ikutane na kirushio cha chuma kilichokaa imara nyuma na kutupwa nje. Mwindaji anaweza kuigeuza bunduki magazini yatazame mbinguni, akaivuta bolti pole pole, na risasi isidondoke.

Katika ile ya 1964 risasi husukumwa tu. Inatoka magazini, inaachwa huru, na huingia chemba bila kushikwa na chochote. Kijino kidogo kilichofichwa usoni mwa bolti huidaka pale tu mwindaji anapokandamiza bolti hadi mwisho ili kuifunga.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya nyati aliyejeruhiwa, kichakani, hatua 15. Amekwisha kupiga risasi ya kwanza. Mkono unavuta bolti, ganda linatoka, mkono unasukuma, risasi ya pili inaingia chemba. Kabla bolti haijafungwa nyati anabadili njia, au mwindaji anajikwaa, au hofu tu inamfanya avute tena. Kwa bunduki ya zamani risasi ile inarudi na kuanguka majanini, nyingine inapanda, na kazi inaendelea. Hasara ni risasi moja. Kwa ile ya 1964 risasi inabaki chemba kwa sababu kijino hakijaigusa. Bolti inaporudi mbele inabeba nyingine, na ncha ya hiyo ya pili inagonga kitako cha ya kwanza, palepale penye fataki. Bolti haifungi. Mwindaji ameshika chuma na mbao, na nyati bado anakuja.

Watetezi watasema mwindaji mzoefu havuti bolti nusu. Wazoefu huvuta nusu. Ndiyo sababu wamekuwa wakisisitizwa mazoezi tangu enzi za babu zao. Na hoja haiishii hapo. Ukucha wa zamani unashika sehemu pana ya ukingo wa ganda, kijino kinashika sehemu ndogo. Chukua risasi iliyoshinda juani juu ya gari, shinikizo la baruti likapanda kuliko lilivyopimwa maabara, ganda likanatia chemba. Hapo kinachohitajika ni nguvu ya kuvuta na mahali pa kushika. Katika Mauser ya 1898, mama wa bunduki hizi zote, mdomo wa ukucha umechongwa kwa namna ambayo kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo unavyozidi kuling'ang'ania ganda. Kirushio nacho ni kisa kingine. Cha zamani ni ubapa wa chuma usiotegemea nguvu ya springi kulirusha ganda: ukivuta kwa nguvu ganda linaruka mbali. Kipya ni pini yenye springi ndani ya tundu usoni mwa bolti, na tundu hilo ni makazi mazuri ya vumbi na unga wa shaba. Mtu wa Katavi au Rungwa mwezi wa tisa hahitaji kuelezwa vumbi.

Kwa nini walifanya hivyo? Pesa. Model 70 ya zamani ilichongwa kwa mashine hatua nyingi na kumaliziwa kwa mikono, na mishahara ya New Haven ilikuwa ikipanda. Remington, washindani wao, walikuwa wamekwisha kutoa 721 mwaka 1948 na 700 mwaka 1962, bunduki za kusukuma risasi, rahisi kutengeneza, zenye shabaha kali. Winchester wakaiga. Haki itendeke: mtutu mpya uliofuliwa kwa nyundo bila moto ulikuwa mzuri, na bolti inayokizunguka kitako cha ganda pande zote hulinda uso vizuri zaidi ganda likipasuka. Kwa mpiga kulungu wa Pennsylvania haikuwa na neno. Lakini kuipima bunduki ya nyati na tembo kwa matundu ya karatasi ya mita 100 ni sawa na kocha kumtoa golikipa kwa sababu hajafunga bao.

Kinachokera zaidi ni kelele za wakati ule. Waandishi wa Marekani, Jack O'Connor wa jarida la Outdoor Life akiwa mbele yao, waliipokea bunduki mpya kwa masikitiko. Wanunuzi nao walilalamikia walichokiona kwa macho: nakshi za kitako zilizogandamizwa kwa mashine badala ya kuchongwa, na pengo kubwa kati ya mtutu na mbao. Winchester walisikia. Kufikia mwaka 1968 walikuwa wameiremba na kuiongezea bolti mfereji wa kuizuia isikwame njiani. Ukucha haukurudi. Wakaendelea kuuza .375 na .458 za kusukuma, huku namba za mfululizo zikiwa zimerukishwa hadi 700,000, wakati za zamani ziliishia zaidi kidogo ya 580,000. Hata leo muuza bunduki kuukuu Marekani huangalia namba hiyo kwanza, kisha ndipo anataja bei.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza kwa nyumba hiyo kubana matumizi juu ya mgongo wa mwindaji wa Afrika. Mwaka 1956 walitoa .458 Winchester Magnum na Model 70 iliyoitwa "African". Kwa bei ilikuwa neema: mwindaji wa Kenya au Tanganyika asiyeweza kununua bunduki ya mitutu miwili ya London alipata ya kumtosha tembo. Shida ilikuwa ganda. Walilifanya fupi, inchi 2.5, ili risasi iingie katika bunduki za urefu wa kawaida, ilhali Model 70 yao wenyewe ilikuwa ikimeza .375 Holland & Holland, ndefu kuliko hiyo, tangu miaka ya 1930! Nafasi ikawa ndogo, baruti ikashindiliwa, na kwa baadhi ya risasi ikagandamana kama jiwe. Kichwa cha gramu 32 kilichoahidiwa mwendo wa karibu mita 650 kwa sekunde mara nyingine hakikufika hata 600. Jack Lott, Mmarekani, aliumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458 mkononi. Baadaye alirefusha ganda hadi inchi 2.8, karibu urefu wa .375, ikawa .458 Lott. Wahandisi wa New Haven wangeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Waliofanya sawasawa wanajulikana. Peter Paul Mauser wa Oberndorf alikwisha kulimaliza suala la ukucha kabla ya karne ya 20 kuanza. John Rigby wa London, wakala wake Uingereza, alimwomba resiva ndefu zaidi kwa ajili ya risasi kubwa, na mwaka 1911 nyumba hiyo ikatoa .416 Rigby. W. D. M. Bell, aliyezunguka Karamoja na Lado akiua tembo zaidi ya 1,000, aliwaua wengi kwa Rigby ya .275, risasi ambayo leo sheria isingemruhusu kuielekezea hata nyati. Alitegemea shabaha yake na bunduki isiyokwama. Idadi hiyo leo inatia uchungu, lakini kwa ufundi wa bunduki ushahidi wake haupingiki.

Na kuna Harry Selby, mwindaji bingwa. Bunduki yake ya mitutu miwili, .470, ilikanyagwa na gari, safari ikiwa mlangoni. Akaingia duka la May & Co. Nairobi akatoka na Rigby ya .416, akitarajia kuitumia kwa muda tu. Aliishika miongo kadhaa, akawa nayo Kenya na Tanganyika, akahamia nayo Bechuanaland (sasa Botswana). Mwandishi Robert Ruark aliposafiri naye miaka ya mwanzo ya 1950 na kumwandika, dunia ya wawindaji ikaanza kuiulizia risasi hiyo. Kinachofurahisha mafundi ni kwamba .416 ya Selby ilijengwa juu ya Mauser ya urefu wa kawaida, si ile ndefu. Fundi wa Rigby alichonga, akapanua, akajaribu, mpaka risasi nene kama kidole gumba ikapita mahali pasipokuwa pake. Hapo ndipo pesa inapotakiwa kutumika.

Maana magazini ndiyo nusu ya bunduki ya bolti, na mafundi wengi wa leo hawataki kulisikia hilo. Mauser walitengeneza sanduku la magazini kwa aina ya risasi, hawakutengeneza moja la zote. Risasi zinapopangwa safu mbili zikipishana, upana wa sanduku upande wa nyuma unatakiwa uwe kipenyo cha kitako cha ganda mara 1.866. Kwa .375 yenye mshipi wa milimita 13.5 ni kama milimita 25. Kwa .416 Rigby, ambayo kitako chake kinakaribia milimita 15, ni 28. Anayeichukua .375 na kuibadilisha mtutu tu iwe .416 Rigby amejipatia risasi zinazojibana ukutani na kupanda zitakavyo. Baada ya sanduku huja reli mbili za juu zinazoziachia risasi: zikichongwa kidogo mno risasi haitoki, zikizidishwa inaruka kabla ukucha haujaishika, na chuma kilichoondolewa hakirudishwi. Kazi hiyo hufanywa kwa jiwe la kunolea na risasi zisizo na baruti, kwa subira.

Mengine ni mazoea mazuri ya kawaida. Gingi la pili la kuhimili teke chini ya mtutu, vyuma viwili vya kukatiza kitako, resiva iliyolazwa juu ya gundi ya epoksi, na upenyo mdogo nyuma ya resiva ili mbao isipasuke. Komeo la magazini liwe gumu: teke la .458 ni karibu mara tatu ya lile la .30-06, na likifungua mlango wa chini risasi zote zinamwagika miguuni. Kizuizi cha hatua tatu cha Model 70 ya zamani ni bora kuliko bawa la Mauser kwa mwenye darubini. Na hapo Winchester wanastahili pongezi.

Darubini yenyewe safu hii haina ugomvi nayo, mradi chini yake kuna vilengeo vya chuma vilivyopimwa. Bunduki ya nyati isiyo na vilengeo hivyo, kwa sababu muuzaji amesema siku hizi havihitajiki, haijakamilika. Kipunguza teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ni balaa zaidi: kinampunguzia mteja maumivu ya bega na kumharibia masikio mfuata nyayo aliyesimama pembeni, ambaye hakuulizwa. Na yupo fundi anayesugua ncha ya ukucha ili mteja aweze kudondosha risasi moja moja chembani bila kupitia magazini. Akisugua kidogo ni sawa; wengi huzidisha, ukucha ukabaki hauna meno.

Winchester waliurudisha ukucha miaka ya mwanzo ya 1990, wakaiita bunduki "Classic", kana kwamba ni zawadi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Model 70 za leo zinatengenezwa kwingine, na Safari Express ya .375 na .458 ina ukucha mrefu na kirushio cha ubapa, kama mwaka 1936. Mauser nao wamerudia kutengeneza M98 ndefu, na Rigby wanaijengea bunduki zao.

Ile miaka karibu 30 ya katikati haikufutika. Bunduki zake bado zinazunguka mikononi mwa watu, na si Winchester pekee. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania uwindaji wa kitalii unaendelea, na wageni wanashuka na .375, kiwango cha chini kwa wanyama hatari, bila mtu kuangalia ndani ya bolti. Mwindaji bingwa anayempokea mgeni afanye jambo moja uwanjani kabla ya kuingia porini: ajaze magazini kwa risasi zisizo na baruti, asukume bolti mpaka risasi iingie chemba, asiifunge, kisha avute. Risasi ikibaki chemba, mgeni aazimwe bunduki nyingine.