Bendi Nzima Ndani ya Njia Nne

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker, programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta ya Amiga. Mashine hiyo ilikuwa na njia nne tu za sauti. Hata hivyo, watunzi walitoa humo nyimbo zenye ngoma, besi, kinanda na mwangwi. Siri yao ilikuwa kuugawa muda kwa hesabu, na hilo ndilo somo la kwanza kwa yeyote anayeanza kutumia traka, yaani programu ya aina hiyo, leo.

Traka huandika muziki katika jedwali linalosomwa kutoka juu kwenda chini: mistari 64 na safu nne, kila safu ikiwa njia moja. Katika kila chumba unaandika noti, namba ya sampuli (yaani sauti fupi iliyorekodiwa, kama ya ngoma au gitaa) na amri ya kuibadilisha sauti hiyo. Kwa mwendo wa kawaida mstari mmoja una tiki 6, na kila tiki ni sehemu ya 50 ya sekunde. Mstari basi huchukua sekunde 0.12, na mistari minne hutimiza pigo moja katika mwendo wa mapigo 125 kwa dakika.

Mbinu ya kwanza ni kugawana njia. Noti mpya huikata iliyotangulia katika njia ileile, kwa hiyo ngoma nzito na besi haziwezi kulia pamoja humo. Watunzi waliweka ngoma kwenye pigo na besi kwenye mistari inayofuata. Sikio husikia wapigaji wawili, ilhali njia iliyotumika ni moja.

Mbinu ya pili ndiyo iliyoupa muziki huu sura yake. Ukiandika amri 047 kando ya noti, traka huipiga noti hiyo, kisha ile iliyo nusu toni 4 juu yake, kisha ya nusu toni 7, ikibadilisha kila tiki. Wanakwaya watazitambua: do, mi, so. Mzunguko mzima huchukua sekunde 0.06, na sikio huzipokea noti tatu kama kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) inayometameta. Ukiandika 037 unapata kodi ya huzuni.

Mwangwi nao hutengenezwa kwa mkono: nakili sauti inayoongoza kwenye njia nyingine, mistari mitatu chini, kisha ipunguze kwa amri C. Sauti kamili ni 64, ambayo traka, ikihesabu kwa msingi wa 16, huiandika C40; mwangwi utatosha kwa C10, yaani robo yake.

Kwa midundo ya tatu tatu, kama ya chakacha, mistari 64 haigawanyiki sawasawa. Weka amri D00 kwenye mstari wa 47. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, jedwali litakatika baada ya mistari 48, na mdundo utakaa sawa.

MilkyTracker na OpenMPT hupatikana bure, na zote huruhusu njia nyingi zaidi. Usizikimbilie. Tunga wimbo wako wa kwanza kwa njia nne, uumalize, kisha ndipo uongeze ya tano. Anayejua kuzitumia nne vizuri atajua pia kwa nini anaihitaji hiyo ya tano.