Kishikwambi cha Uwandani: Namna ya Kuteua Kitakachorithi Kilichochakaa

Anayeteua vishikwambi vipya kwa ajili ya makarani wa takwimu, wasoma mita au wahudumu wa afya ngazi ya jamii hana budi kuanza na vile vilivyokufa, kwa kuwa vifaa vibovu vilivyorundikwa katika stoo ya ofisi husema mengi ambayo karatasi ya muuzaji huyanyamazia. Ikiwa vingi vimeharibika kwa sababu tundu la chaji limelegea, kichakataji chenye kasi zaidi hakitaponya kitu. Na ikiwa vioo ndivyo vilivyopasuka, huenda kasoro ilikuwa katika kava na mkanda wa kushikia, wala haikuwa katika kishikwambi chenyewe. Muda wa kazi nao hubadili hukumu. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania viligawiwa walimu baadaye, na ni dhahiri kwamba kifaa kinachohitajika kwa wiki chache za kuhesabu watu hakipimwi kwa mizani ileile ya kifaa kitakachobebwa kwenye pikipiki kwa miaka mitano.

Betri ndiyo inayostahili uchunguzi mrefu kuliko kitu kingine chochote. Ujazo wake huandikwa kwa miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi, lakini takwimu hiyo ni ya siku ya kwanza tu: betri ya lithiamu hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia tatu hadi mia tano, na joto huharakisha uchakavu huo. Kwa hiyo kifaa ambacho kikiwa kipya hufika jioni kwa shida kitazimika alasiri kabla mwaka wa pili haujaisha. Mteuzi makini hutafuta chenye akiba ya kutosha, na hupendelea kile ambacho betri yake hutolewa kwa mkono, kwa sababu pale ambapo umeme haufiki, betri ya pili mfukoni hurudisha kifaa kazini papo hapo. Tundu la chaji huchunguzwa kwa kuchomeka waya na kuutikisa taratibu. Vilivyo bora zaidi huwa pia na vituo vya shaba upande wa nje, ambavyo hugusana na kitako cha kuchajia bila kuchomeka chochote, na hivyo tundu halichokonolewi kila usiku.

Madai ya ugumu yanahitaji kusomwa kwa jicho kali. Alama ya IP67 inatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, ambapo tarakimu ya kwanza, 6, humaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa, na ya pili, 7, kwamba kifaa huhimili kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi na kifaa kipya, kwa hiyo halimwahidi lolote afisa uvuvi anayefanya kazi kwenye maji ya chumvi. Kiwango cha kijeshi cha Marekani kiitwacho MIL-STD-810 hutajwa kwa mbwembwe zaidi, ingawa mtengenezaji ndiye anayechagua majaribio ya kufanya, na hakuna mamlaka moja inayotoa cheti. Katika toleo la 810G, kifaa cha mkononi huangushwa mara 26 kutoka sentimita 122, lakini juu ya ubao uliotandikwa kwenye zege, na maanguko hayo yanaruhusiwa kugawanywa kwa vifaa vitano.

Kioo hakihukumiwi ndani ya duka. Kifaa hupelekwa juani saa sita mchana, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho, kikaachwa kikifanya kazi kwa nusu saa, kwani vingi hung'aa vizuri mwanzoni, kisha vikipata joto hujififisha vyenyewe ili kujilinda. Papo hapo kinyunyiziwe maji kidogo, maana kioo duni hudhani tone ni kidole. Laini nayo itolewe, ili ionekane kama kuna kipokezi halisi cha GPS au kama mahali hukisiwa kwa minara na Wi-Fi tu. Ubora wa kamera, ambao wauzaji huupigia debe kupita kiasi, waweza kupuuzwa ikiwa namba za mita zinasomeka pichani.

Yasiyoonekana huulizwa kwa maandishi: mfumo endeshi, yaani programu kuu inayobeba nyingine zote, utapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Vifaa vingi vizima viliachwa bila kinga Januari 2020, Microsoft ilipositisha huduma kwa mfumo wake wa vifaa vya mkononi vya kazini, Windows Embedded Handheld 6.5.

Mwishowe, sampuli nzuri haidhamini shehena. Mzigo ukifika, vichache huchomolewa bila mpangilio na kupitishwa katika majaribio yaleyale, na kwa vile vinavyotumia laini, namba ya utambulisho ya IMEI, yenye tarakimu 15, hulinganishwa na iliyoandikwa kwenye boksi. Tanzania ilizima simu zenye namba bandia Juni 2016, nayo Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo 2012, kwa hiyo kasoro hii haivumiliki hata kama kila kitu kingine kimeridhisha.