Kisima cha Ndoo Mbili

Msomaji, ukitaka kukihukumu kitabu cha shule utauliza mambo mawili: kinafundisha nini, na je, hicho kinachofundishwa ni kweli? Sioni sababu ya kuupimia mchezo wa video kwa mizani nyepesi zaidi, maadamu wako wazazi wanaouweka nyumbani mahali pa kitabu. Mchezo ninaotaka tuuhukumu ni Minecraft. Ulibuniwa na Markus Persson wa Sweden, ukatolewa hadharani 2009 na kukamilishwa 2011. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Kwetu Kenya si mgeni; tangu 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao yake makuu Nairobi, limeutumia kuwawezesha wakazi wa mijini kuchora viwanja vyao wenyewe, na Kibera ni miongoni mwa mahali palipotangulia.

Mimi niliujua katika nyumba ya jirani, hapa Bulla Pesa, ambapo watoto watatu waliucheza pamoja kwa simu mbili na tarakilishi moja iliyochakaa. Dunia ya mchezo huo imejengwa kwa michemraba, kila mmoja una upande wa mita moja. Kwa hiyo mtoto ajengaye ukuta hupiga hesabu ya eneo, na achimbaye shimo hupiga hesabu ya ujazo, apende asipende. Tazama shamba. Mchemraba mmoja wa maji hulowesha udongo kwa hatua nne kila upande, yaani mraba wa tisa kwa tisa. Ondoa mchemraba wa maji wenyewe, utabaki na vishamba 80. Kila kishamba hutoa ngano moja, na mkate mmoja hutaka ngano tatu. Mikate 26, zikabaki ngano mbili. Niliwasikia watoto wale wakigombana juu ya ngano mbili zile kwa muda mrefu, na nakiri sijapata kuona darasa langu likigombania baki la kugawanya kwa moyo kama ule.

Ushirikiano nao si wa kupambwa kwa maneno. Mmoja akilima, wa pili hana budi kuleta mawe na wa tatu kulinda usiku usiingie na majini yake. Mtaala wetu wa umilisi unautaja ushirikiano miongoni mwa mambo ya msingi ambayo mwanafunzi apaswa kujengewa. Hapa unapatikana bila mwalimu kupanga vikundi.

Basi kasoro yake iko wapi? Ukikata shina la mti, matawi hubaki yakining'inia hewani, na siku nzima hupita kwa dakika 20. Hayo ni mambo ya kuchekesha, na mtoto huyacheka. Asilolicheka ni maji. Chimba shimo la mraba, mbili kwa mbili, kisha mimina ndoo mbili za maji katika pembe zinazokabiliana. Shimo litajaa, na tangu hapo utateka usiku na mchana, wala kisima hakitapungua hata tone. Ng'ombe wa humo hawanywi kabisa. Labda mtoto wa Stockholm halioni kosa hilo. Lakini sisi tulio Isiolo tuliona misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, na mizoga ya mifugo kando ya njia. Kitabu cha jiografia kingeandika kwamba maji hujizaa kwa ndoo mbili, tungekirudisha kwa mchapaji siku ile ile.

Bibi yao, ambaye hakuwa akitazama kwa makini, aliambiwa habari za kisima hicho akauliza: "Aba herega wake ni nani?" Msomaji usiyejua, aba herega ni yule ambaye Waborana humweka juu ya kisima apange zamu: mifugo ya nani inywe leo na ya nani ingoje kesho. Katika visima virefu vya Waborana kusini mwa Ethiopia vijana husimama kwa safu shimoni, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Ushirikiano ule umezaliwa na uchache wa maji. Mahali ambapo maji hayaishi, aba herega hana kazi. Na katika jambo hili mchezo unaosifiwa kwa kufundisha watu kusaidiana umeiondoa sababu yenyewe ya kusaidiana.

Watoto hawakuwa na jibu, kwa kuwa mchezo haukuwapa. Jioni ile wakaweka sheria yao wenyewe: kisima kitatekwa ndoo moja tu kwa siku ya mchezo, na kila ng'ombe ahesabiwe ndoo moja kila siku ya tatu. Binti wa katikati akachaguliwa kuwa aba herega, akapiga mistari katika daftari. Kwa kipimo hicho kisima kinaweza kutunza ng'ombe watatu, mmoja kwa kila mtoto, wala hakibaki cha shamba. Kaka yao mkubwa, mwenye ng'ombe 12, aliomba apewe muda wa kufikiri.