Kutoa na Kununua Urafiki: Uhakiki wa Vitabu Viwili vya Picha

Mtoto asiyejua kusoma husomewa maneno na mtu mzima, lakini picha huzisoma mwenyewe. Kwa hiyo kitabu cha picha kinachokusudia kumfunza ukarimu hakina budi kupimwa kwa maneno na kwa michoro yake pia.

Katika The Rainbow Fish, kitabu cha Marcus Pfister kilichotolewa kwanza kwa Kijerumani huko Uswisi mwaka wa 1992, samaki mwenye magamba yanayong'ara anamnyima samaki mdogo gamba moja. Wenzake wanamtenga. Kwa ushauri wa pweza anayagawa magamba hayo hadi anabakiwa na moja tu, na hapo anakubaliwa. Ni kweli kwamba anaionja furaha ya kutoa tangu gamba la kwanza. Hata hivyo, gamba ni sehemu ya mwili wake, na urafiki unakuja kama malipo: anyimaye hutengwa, atoaye hupendwa. Michoro nayo, kwa karatasi ya kumetameta iliyobandikwa kwenye magamba, inayavuta macho ya mtoto kwenye mali yenyewe.

Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994), ambacho mandhari yake ni ya Waluo wa Kenya, kinashika njia nyingine. Handa anambebea rafikiye Akeyo kikapu cha matunda saba. Maneno yanaeleza tu anavyojiuliza ni tunda gani litakalompendeza Akeyo. Picha ndizo zinazoonyesha tumbili, mbuni, tembo na wengineo wakiyachukua moja moja bila yeye kujua. Kisha mbuzi anaugonga mchenza, na machenza yanakijaza kikapu. Akeyo anafurahi, kwani hayo ndiyo ayapendayo zaidi. Hapa urafiki umetangulia zawadi, na fikira za mtoaji ziko kwa mpewaji.

Lakini Browne naye anakwepa swali gumu, kwa kuwa bahati inafidia hasara yote. Mtoto mwenye ndizi moja, aliyeketi karibu na mwenziwe mwenye njaa, hajapata jibu. Methali husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo haujajaribiwa katika kikapu kinachojaa tena.

Vitabu hivi basi vinafaa kusomwa pamoja, na mwalimu aulize: je, samaki yule angestahili kupendwa hata kama angebaki na magamba yake? Mtoto apewe nafasi ya kujibu kabla ya kuelezwa lolote.